Miwani Ambayo Kila Mtu Aliisifu

Alexander alifika Mwanza Jumatatu akiwa na masanduku mawili ya miwani ya VR, ile inayokufunika macho ukajiona umo ndani ya mchezo, na Kiswahili sanifu kiasi cha kutisha, alichojifunza Arusha kwa mwaka mzima alipokuwa mwanafunzi. Kampuni yake huko Ulaya inatengeneza vifaa vya michezo ya kompyuta: usukani, kibodi zenye taa, viti vya wachezaji. Miwani ilikuwa kazi yake yeye, ya miaka mitatu, na wakubwa wake walikuwa wamechoka kuisubiri. Walitaka ripoti ya majaribio Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ikitaja kasoro zinazorekebishika, wangempa mwaka mmoja zaidi. Ikisema miwani haina tatizo, ingeingia kiwandani ilivyo.

"Na ikiingia ilivyo," aliniambia, "wanunuzi watairudisha madukani ndani ya mwezi mmoja na kitengo chetu kitafungwa. Ninajua ina kasoro, dada Dhara. Ila nimeivaa mno, sizioni tena. Ninahitaji watu waniambie ukweli."

Nilimwonea huruma papo hapo. Mtu amepanda ndege tatu kuja kuutafuta ukweli Mwanza, tena kwa kuwauliza watu usoni.

Duka letu liko Mtaa wa Rwagasore. Babu aliuza cherehani, baba akauza redio, mimi nauza michezo ya video. Kampuni ilinichagua kwa sababu hakuna mwingine Kanda ya Ziwa aliyewahi kuagiza usukani wao zaidi ya mmoja. Nikamkusanyia watu kumi na wawili, wateja na majirani.

Wa kwanza alikuwa Masele, mnunuzi wa pamba kutoka Magu. Aliruka juu ya milima yenye theluji kwa dakika nne, akavua miwani, akatembea taratibu hadi kwenye ndoo ya kudekia, akatapika. Akasukutua. Kisha akarudi, akamshika Alexander mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nzuri sana," alisema. "Hongereni kwa kazi."

Alexander akamwomba aipe alama, moja hadi tano. Masele akaipa tano, akauliza kama anaruhusiwa kuongeza.

Roza, mama anayeuza vitenge mlango wa pili, alikataa kuvua kilemba alichokifunga asubuhi ile kwa nusu saa, kwa hiyo miwani ilimkaa kwenye paji la uso. Alichokiona ni dari yangu. Tano. Mwalimu Luhaga, wa fizikia, ni mtu wa jasho. Vioo vilipata ukungu dakika ya kwanza, naye akakaa ndani ya ukungu huo dakika ishirini bila kulalamika. "Mandhari ni ya kuvutia," alisema. Tano.

Hadi Jumatano jioni tulikuwa na alama sitini kati ya sitini. Alexander alikaa kwenye ngazi za duka ameshika kichwa.

Utaniuliza, mbona wewe Dhara hukumwambia? Mama yangu, Jyotsna, alikuwa anamlisha kichri, wali wetu wa dengu, tangu Jumatatu, na mgeni mwenyewe alikuwa analala chumba chetu cha wageni. Mtu akishakula kwenu siku tatu, humwambii kwamba miaka yake mitatu inaumiza pua. Nilimwambia, "Inaelekea vizuri." Mpaka leo najichukia kwa maneno yale.

Alhamisi uvumilivu ukaniishia. "Tatizo ni wewe," nilimwambia. "Hapa kitu cha mtu hakisemwi vibaya mwenyewe akiwa amekaa. Kinasemwa akishaondoka."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Uondoke."

Ijumaa saa sita mchana akawaaga wote kumi na wawili. Walimsindikiza hadi kwenye teksi, Mwalimu Luhaga akambebea begi, Roza akampa kitenge cha kumpelekea mama yake. Teksi ikazunguka mtaa, ikamrudisha uchochoroni, akaingia stoo kwa mlango wa nyuma na kukaa nyuma ya pazia na daftari lake. Nilijua si uungwana kuwasikiliza watu namna hiyo. Nikawakaribisha chai na kachori.

"Kijana mwema yule," alisema Roza.

"Mwema kabisa," alisema Masele. "Ila lile dude litaua mtu. Unageuza kichwa, mlima unakuja baadaye! Tumbo langu halijatulia mpaka leo."

"Na uzito wote wameuweka mbele," alisema Roza. "Wangeurudisha nyuma, halafu mkanda ufunguke, mtu avae na kilemba chake."

"Hewa haipiti," alisema Mwalimu Luhaga. "Matundu mawili hapa juu yangetosha. Hilo hata wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangeliona."

"Halafu theluji ya nini?" Roza alikuwa amepandisha sauti. "Adoyo mwanangu yuko Kanada, anaiona bure na anailaani. Si wangenionyesha kwa Adoyo! Nione jiko lake, nione mjukuu wangu anavyotambaa. Hapo hata linitapishe, nitalivaa."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Hakuna aliyemtania.

Waliendelea hivyo saa nzima. Katikati nilipanda juu kwa mama kuongeza chai, nikachelewa kidogo kwa sababu maji yalikuwa hayajachemka. Niliporudi na birika walikuwa wanazungumzia mvua.

Walipoondoka, Alexander alitoka stoo macho yamemwiva, na kurasa saba zimejaa. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepona homa. Aliandika ripoti mezani kwangu akaituma saa kumi kasoro robo. Kabla ya giza kuingia jibu lilikuja: mwaka mmoja. Alinikumbatia, akamkumbatia na mama, ambaye hakumbatiwi na mtu.

Alipokuwa anafunga sanduku nikamwuliza, kama mzaha hivi, "Nilipokwenda kuleta chai, walisema nini kuhusu mimi?"

Alifungua daftari. Alisoma ukurasa mmoja hadi chini, akaugeuza, akasoma na wa pili. Kisha akalifunga na kulitia mfukoni.

"Walisema una duka zuri sana, dada."

Huyu ndiye aliyeniomba ukweli wiki nzima. Nilitaka kumnyang'anya lile daftari. Nikamwambia asante, nikamsindikiza hadi kwenye teksi, nikarudi kusimama nyuma ya kaunta. Nina miaka kumi na sita katika duka hili, na sijawahi kupokea lalamiko hata moja.