Gari la Kale Halitobolewi

Miaka nenda rudi alimsihi mumewe aweke mikanda ya usalama kwenye gari lake la kizamani, na mumewe akatia pamba masikioni. "Gari la kale halitobolewi, mama. Nguzo za milango zimetoka kiwandani hazina tundu la mkanda, zitabaki hivyo hivyo." Hata siku breki ya ghafla ilipomrusha binti yao nje kupitia kioo cha mbele, baada ya matanga mzee alibadilisha kioo. Nguzo hakuzigusa.

Leo mwenye kampuni ya kukodisha magari ya maharusi ametaka gari hilo liwekwe kwanza mikanda ya kisasa, ile inayopita begani na kiunoni, ndipo alichukue. Mzee kakubali chai haijapoa.

Fundi aliinua drili kando ya kiti cha mbele. "Tundu la juu linafuata bega. Atakayekaa hapa ana kimo gani?"

"Weka pa mtu mzima," mzee alisema.

Mkewe akasogea, akabandika kiganja kwenye nguzo, chini kabisa ya usawa wa dirisha.

"Bega la mwanangu lilifika hapa," alimwambia fundi. "Haya, toboa, baba. Kumbe linatobolewa."