Wageni Wangu wa Bukavu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akadai nilipiga kelele sokoni bila sababu. Naitwa Moreen Aluoch, mzaliwa wa Ahero, na kwa miaka tisa kazi yangu hapa Kampala ni kupokea wafanyabiashara wanaokuja kununua bidhaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi siku ya kwanza nawapandisha mnara wa msikiti wa Old Kampala waone vilima vyote, ya pili nawapeleka Munyonyo wale samaki huku wakitazama ziwa, na ya tatu ndiyo masoko ya Owino na Kisenyi, jasho lao liwatoke. Mtu akishaupenda mji, hanuni hata mzigo ukichelewa.

Kwa miaka sita nilifanya kazi hiyo na Akwero, binti wa askari polisi kutoka Gulu, aliyekulia kambini Naguru. Nilimfundisha kila kitu. Tena nilifanya kosa moja nililoliita ujanja: wenye maduka wakisikia Kiswahili changu cha Kenya walipandisha bei, kwa hiyo mimi nilikaa nyuma, Akwero akaongea Kiganda. Simu nyingi za wageni pia alizipokea yeye. Sikuona kwamba mji mzima ulikuwa unalizoea jina lake, si langu.

Mwezi uliopita alinipigia Mzee Mushagalusa, mwenyekiti wa wachuuzi wa Bukavu kule Kongo, mtu aliyekula mezani kwangu Bugolobi mara nyingi kuliko shemeji zangu. Alikuwa anakuja na wenzake kumi. Wakiridhika, wangechagua mwenyeji mmoja wa kupokea misafara yao yote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimpigia hata mama kule Ahero, akaahidi kuwaombea wafike salama.

Siku mbili kabla ya wao kufika, Akwero alikuja nyumbani.

"Moreen, wageni wamesukuma safari," alisema. "Watakuja wiki ingine. Wewe pumzika kwanza."

Nikapumzika, mjinga mimi. Siku ya tano nikaenda Owino kununua mashuka ya kuwalaza wageni hao hao. Kwenye vichochoro vya mitumba nikasikia sauti naijua: "Hapa mtu akipotea asilie. Asimame tu, Kampala yote itapita mbele yake." Watu wakacheka. Hayo ni maneno yangu. Nimeyasema mahali pale miaka tisa, na kicheko hicho huwa ni changu.

Nikazunguka rundo la makoti. Akwero alikuwa mbele, na nyuma yake watu kumi na mmoja wenye mifuko mikubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya nguo zote za dunia.

Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja mwenye kilemba cha kijani, ambaye mwaka jana alilala chumbani kwangu, alinirukia shingoni akilia.

"Mama Moreen! Pole sana ya kilio! Mama mzazi akikufa, hakuna wa kumurudisha. Akwero alituambia tusikupigie, uko kwenu unazika."

Kuninyang'anya wageni ni wizi, na wezi nimewazoea. Lakini kumuua mama yangu ili apate nafasi? Nilimtazama Akwero. Aliangalia makoti.

Sikumtukana bado. Nilitoa simu, nikaweka spika, nikapiga Ahero. Alipopokea nilimwita Mama, nikamsalimu kwa Kiswahili badala ya Kijaluo chetu, wote waelewe.

"Leo Kiswahili?" mama akauliza. "Umekamatwa na askari?"

Wageni wakashika vinywa. Yule wa kilemba akaniachia, akamgeukia Akwero kwa macho makali. Mwingine alisema Yesu wangu. Wote walishtuka isipokuwa mmoja. Mzee Mushagalusa alikuwa amekunja mikono, anatazama viatu vyake, wala hakuuliza huyo anayeongea ni nani.

"Mzee," nikasema, "ulijua?"

"Mama Moreen, biashara njo vile iko," alijibu polepole. "Ku maduka wanamujua Akwero. Wewe, wanakupandishia bei. Ningekuambia namna gani, na nilikula kwako?"

"Kwa hiyo mlimzika mama yangu!" Hapo nilipiga kelele, ndiyo, na wauza viatu wakasimama kutazama.

"Moreen, usiniharibie kazi," Akwero alinong'ona. "Hata mimi niko na watoto."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ulikuwa umeshika simu.

Mushagalusa akawaambia wenzake kwamba wauzaji wa Kisenyi wanawangoja, mambo mengine yatazungumzwa hotelini. Wakatazamana. Yule wa kilemba alisita, akanigusa bega, akasema pole tena, sijui safari hii pole ya nini. Kisha akaokota mfuko wake, akafuata wenzake. Akwero alitangulia.

"Moreen?" mama aliita kwenye simu. "Mbona kelele? Wale wageni wako walifika? Nimewaombea kila siku."

Niliwatazama mpaka wa mwisho alipopotea nyuma ya makoti.

"Walifika, Mama," nikasema. "Walifika salama."