Mshenga wa Mama Vaileth

Kwa Watanzania wa huku Maryland na Virginia, ukitaka kuoa na wakwe wana maneno mengi, unanitafuta mimi, Gwakisa. Siku za kazi natengeneza lifti. Bosi wangu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika bisibisi. Mwisho wa wiki napeleka posa. Sijawahi kurudishwa mlangoni, na anayesema nilirudishwa Manassas aseme pia kwamba muoaji alikuwa na mke mwingine na akanificha.

Basi Euphrasia, mke wa rafiki yangu Ombeni, aliponipigia simu akasema anahitaji mshenga, nilijua ni habari ya binti yao Vaileth. Upande wa binti hautumi mshenga, lakini huku Marekani nimeona mengi. Nikavaa suti, nikaendesha gari hadi kwao Germantown. Nilimkuta Vaileth amejikunja kwenye kochi na laptopu yake, hana habari na posa wala suti yangu.

"Si yeye, shemeji," Euphrasia akasema. "Ni mimi. Ni mambo ya kazini."

Niliudhika, sikatai. Tai ile huwa inanikaba. Lakini pilau ilikuwa imeshapakuliwa, nikakaa nikasikiliza.

Euphrasia ni muuguzi, kiongozi wa zamu katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Kila Jumamosi hupanda treni kwenda mtaa wa Shaw mjini, kwenye kozi ya uongozi ya wataalamu weusi wanaotaka kupanda vyeo. Mwalimu wao amewaambia kwamba cheo hugawiwa chumbani ambamo wewe humo, kwa hiyo kila mmoja awe na mtu mle ndani wa kumsemea. Na Ijumaa ya wiki ile wakubwa wa kazini kwake walikuwa wanakaa kumchagua mkuu wa wauguzi. Cheo hicho kilishampita mara mbili, kikaenda kwa watu aliowaonyesha yeye bandeji zinawekwa wapi. Safari hii maombi alikuwa ameyapeleka, kwa kusukumwa na mwalimu. Kabla ya hapo hakuwahi kuomba.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Nilidhani wataiona kazi yangu, waniite."

Nilimwelewa. Sote tumelelewa hivyo; kwetu Mbeya mtoto akijisifu, anaulizwa kama kwao hakuna wa kumsifu. Kumbe alichotaka ni mimi niende kwa mkurugenzi wake, nimpelekee maneno. Nilicheka mpaka Ombeni akatoka jikoni. Nikamweleza kwamba mshenga hutumwa mahali anapoheshimiwa, na mimi pale wangenionyesha tu lifti iliyoharibika. Nikamuuliza ni nani mle ndani akisema wenzake wanasikiliza.

Akamtaja Audrey, mama wa Kimarekani mweusi, mkuu wa fedha. Hacheki. Watu hupanda ngazi ili wasikutane naye kwenye lifti.

"Huyo huyo," nikasema. "Mshenga anayechekacheka hana uzito."

Tukafanya mazoezi palepale, mimi nikiwa Audrey. Euphrasia akaanza kumshukuru Mungu, akawasifu wenzake, akamsifu hadi mpishi. Yeye mwenyewe hakujitaja hata kidogo. Nikamuuliza kama posa hii ni ya mpishi. Akajaribu tena, akakwama tena, mwisho akakasirika na machozi yakamtoka.

"Theluji ilipofunga barabara, nani aliwapanga watu walale pale kwa zamu?" akasema. "Wazee wote walipata dawa zao. Hakuna aliyeuliza ni nani alipanga. Mimi nilipanga."

"Hayo hayo," nikamwambia. "Yapeleke kama yalivyo. Na mwambie ila yako pia, asije akaisikia mbele za watu kama mimi kule Manassas."

Akakiri kwamba mbele ya wakubwa huwa hasemi, anainama tu kwa adabu.

Vaileth, bila kuinua macho, akasema, "Mom, just ask the lady."

Jumatano akaenda. Alinisimulia baadaye, nami nilipata wivu wa kikazi, maana sijawahi kutuma wala kutumwa vizuri namna ile. Alibisha hodi, akakaa, akamweleza Audrey kwamba kwao anayetaka kitu kikubwa humtuma mtu wa heshima akamsemee, na yeye amekuja kumtuma. Akasema ya theluji. Akasema na ila yake. Audrey akavua miwani.

"Mara mbili nililitaja jina lako mle ndani," akamwambia. "Mara mbili nikaulizwa, je, mwenyewe anataka? Sikuwa na jibu. Mimi ndiye ninayeona hesabu za mishahara. Najua ghorofa yako ndiyo pekee ambako watu hawaachi kazi. Nimekuwa nikikungoja."

Niliposikia hayo nilisikia uchungu na furaha pamoja. Mshenga alikuwepo siku zote, tena mzuri, ila hakutumwa. Na mshenga hajitumi.

Ijumaa tulikaa kwao kungoja, kama tunavyongoja majibu ya posa, Ombeni akiosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Simu ikalia. Euphrasia akasikiliza, akashika ukingo wa meza. Wamekubali jina lake, ila Jumatatu aende mwenyewe wamuulize maswali. Audrey amewaambia kwamba anaweza kuchelewa kuanza kusema, nao wamngoje.

"Posa imepokelewa," nikatangaza. Nikawaeleza kwamba posa ikipokelewa, yaliyobaki ni mazungumzo. Ombeni akamkumbatia mkewe, na Vaileth akaja kutoka kwenye kochi, akawakumbatia wote wawili.

Nilikuwa nalegeza tai niondoke zangu, nimejaa sifa, Euphrasia aliponishika mkono pale mlangoni. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini sauti ilishakuwa ya mkuu wa wauguzi.

"Shemeji, yule kijana uliyemfundisha bisibisi, sasa ndiye bosi wako," akasema. "Wewe kule kazini nani anakusemea?"

Nimewajibu wakwe wakali wa kila kabila. Huyu nilimuuliza tu kozi yake huanza saa ngapi. Jumamosi iliyofuata tulipanda naye treni ya Shaw, mimi nimevaa ile suti.