Swali la Kumi na Moja

Daktari Nyathira ameniomba niongee dakika kumi niwatie moyo mkubali kutoa choo. Kazi ya kutia watu moyo siijui. Mimi nimechuma majani ya chai miaka ishirini na saba, na nimezika binti mmoja, kwa hivyo nitaongea vile ninavyojua. Anayetaka kulicheka neno choo acheke sasa amalize, maana nitalisema mara nyingi.

Mmemaliza? Haya.

Wengi wenu mnanijua. Naitwa Nyanchoka, mama yake Moureen. Baba yangu alitoka Kisii akaja kuchuma chai hapa, nikazaliwa kwa nyumba za kampuni, na sasa nina kashamba kangu kando ya barabara ya kwenda Sotik, mistari michache ya chai na ng'ombe mmoja. Moureen alikuwa na miaka ishirini na tatu. Mwezi wa pili mwaka jana alipasuliwa kidole tumbo. Kupasuliwa kulienda vizuri. Alipewa dawa za kuzuia kidonda kisioze, na zile dawa zikaua wadudu wabaya pamoja na wale wazuri wanaolinda tumbo. Akaanza kuhara. Na si kule kuhara kwenu kwa kula kitu cha jana. Mara kumi na mbili, mara kumi na tano kwa siku, mpaka nikawa namfunga kitambaa kama mtoto mchanga, na yeye amegeuza uso ukutani kwa aibu. Daktari alimpa dawa nyingine, hali ikatulia wiki mbili, ikarudi. Ilirudi mara tatu.

Ndipo daktari akaniita ofisini. Akaniambia dawa iliyobaki haiuzwi kwa chemisti, iko ndani ya mtu mzima asiye na ugonjwa. Anachukua choo cha huyo mtu, anakichuja, anakiingiza kwa mgonjwa na mrija, wale wadudu wazuri wanaota upya. Nilimuuliza kama jana alilala vizuri. Hakucheka, akaniambia nitafute watu wa kupimwa, tena haraka.

Nikaanza kuzunguka. Watu wengine hufanya harambee ya pesa, mimi nikafanya harambee ya choo. Niliongea kanisani, niliongea kwa mizani ya majani, niliongea hata kwa mazishi ya watu. Mlinicheka mpaka mkachoka. Janeffer, wewe umekaa hapo mbele, ulisema Mkisii akikuomba choo hama kijiji. Nilikusikia. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nahitaji choo cha mume wako.

Mwishowe watu kumi na watatu walikubali, wengi wao kwa siri. Wote walianguka vipimo. Huyu alikuwa amemeza rangi mbili za dukani, vile vidonge vya kuua wadudu, kwa sababu ya homa, yule kwa sababu ya jino, na Lazarus alimeza kwa sababu mke wake alimeza. Hapa kwetu tunatafuna dawa kama njugu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetibiwa taifodi mwezi uliopita, kwa hivyo hata mama mzazi hakufaa.

Halafu akaja Weldon. Ndiye yule amesimama nyuma karibu na mlango, na nyinyi mnajua kwa nini hakai. Weldon ni jirani yangu, ua wake na wangu ni mmoja. Hanywi, havuti, kila asubuhi anakimbia mpaka darajani na kurudi kabla ya kuingia kwa chai. Alikuja mwenyewe kwa mlango wangu akasema, "Mama Moureen, mimi sijaumwa tangu nioe. Kama hicho kitu ni cha kutupwa, si apewe Moureen." Mama yake alimwonya. Watu walimwambia choo chake kitaenda kufanyiwa mambo. Alienda hivyo hivyo, kwa miguu yake.

Vipimo vilichukua wiki tano, maana vingine vilipelekwa Nairobi. Daktari alimwambia ale vizuri na asimeze dawa yoyote, hata ya kichwa. Mimi kwa shukrani nikaanza kumpelekea maziwa, mkebe mmoja kila asubuhi. Nilikuwa nataka awe na nguvu. Nilikuwa namwangalia akinywa vile mtu huangalia mvua ikinyeshea mahindi yake.

Wiki ya tatu ng'ombe wangu, Sarafina, akaugua kiwele. Zack wa mifugo akaja, akamdunga sindano na kumtia dawa kwa chuchu. Akaniambia maziwa yasiende kwa ushirika siku tano, wakiyapima watayamwaga, kwa sababu ile dawa hupitia kwa maziwa. Sasa niambieni, ni nani hapa humwaga maziwa nyumbani? Ushirika ukiyakataa si ndiyo siku watoto wanashiba. Ainue mkono yule ambaye humwaga. Sioni mkono.

Ule ugonjwa wa kiwele ulirudi, Sarafina akadungwa tena, halafu tena. Maziwa yakajaa nyumbani, Moureen hawezi kuyanywa, nikaona basi hii ni bahati ya Weldon. Ule mkebe mmoja ukawa mikebe mitatu. Sikumwambia ng'ombe ni mgonjwa. Sikuona kama ni jambo la kusema, kwani nani husema.

Mke wake, Sally, akatia mengine kwa kibuyu afanye mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Baada ya siku nne akanikuta kwa chai tukichuma, akaniambia, "Mama Moureen, haya maziwa yako hayagandi. Yamekaa tu." Nikamwambia akaoshe kibuyu vizuri. Nilimwambia hivyo mbele ya wanawake wengine, na tukacheka. Kumwambia mwanamke wa Kipsigis kibuyu chake ni kichafu ni kumtukana yeye na mama yake, na tangu siku hiyo Sally hajanisalimia. Lakini kibuyu hakikuwa na makosa. Maziwa yalikuwa yamebeba dawa, na ile dawa ilikuwa inaua kitu kinachogandisha maziwa. Kibuyu kilijua kabla ya hospitali.

Siku ya kutoa ikafika, ilikuwa Alhamisi. Daktari, ulikuwa na fomu ya maswali kumi na manne, umeiandika mwenyewe kwa Kiswahili ili watu wetu waelewe. Ukaitwa wodini mbio. Ukanipa fomu na kalamu ukasema, "Mama, msomee, umtilie tiki, nakuja sasa hivi." Uliniamini, na sikulaumu. Weldon husoma polepole, na aliona vizuri asomewe.

Tulikaa kwa benchi la nje ya wodi. Nikamuuliza kama amesafiri mbali, akasema hapana. Kama amechanjwa karibuni, hapana. Kama amehara, hapana. Swali la kumi lilikuwa, umemeza au kudungwa dawa yoyote ya kuua wadudu. "Hapana," akasema, na Mungu anajua alikuwa anasema kweli. Jicho langu likashuka kwa la kumi na moja. Nikalisoma kimya. Nikalisoma tena. Hapo ndipo nikakumbuka maneno ya Zack, na kile kibuyu cha Sally.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nilikuwa naona miguu ya Moureen chini ya blanketi, imekonda mpaka blanketi ilikuwa kama imelala juu ya kitanda kitupu. Jumatatu daktari alikuwa ameniambia huyu msichana hana wiki nyingine ya kungoja. Tukimkosa Weldon ni kuanza kutafuta mtu mwingine, na wiki tano zingine za vipimo. Nikatia tiki kwa hapana. Nikaendelea na la kumi na mbili.

"Umenyamaza," Weldon akaniambia.

Nikamwambia ni macho yananisumbua.

Walimtia Moureen ile dawa mchana huo. Siku ya pili hakuhara hata mara moja. Siku ya tatu aliomba ugali na mboga ya chinsaga, nikapika nyumbani nikaja nayo imefungwa kwa kitambaa, akala matonge matatu akaniambia chumvi imezidi. Nilifurahi kukosolewa chumvi. Nilisema moyoni, hilo swali halikuwa na maana, watu wa hospitali huandika maswali mengi tu wajaze karatasi. Siku ya sita kuhara kukarudi. Siku ya tisa tukamfunika.

Daktari alipima choo cha Weldon kilichobaki kwa friji. Akaniambia wale wadudu wazuri walikuwa wamebaki wachache sana, tumbo lake lilikuwa kama shamba lililopigwa dawa ya magugu. Akamwita Weldon akamuuliza ni dawa gani alimeza. Weldon akasema hakuna. Akaulizwa tena, akasema hakuna. Fomu ikatolewa, kila mahali imeandikwa hapana, na chini kuna sahihi yake. Nani angemwamini? Nyinyi hamkumwamini. Kwa mizani mlimpa jina, mkamwita Bwana Hapana, na mpaka leo akiweka kikapu chake mtu anakohoa. Wengine mliishia hapo, wengine mkasema aliua mtoto wa watu kwa sababu ya uongo.

Kwa mazishi alikuja. Alisimama kando ya jeneza, akasema mbele ya watu wote hajui alikosea wapi, lakini anaomba msamaha. Mimi nilikuwa kwa kiti cha mbele. Nilisimama nikamshika mkono, nikamwambia nimekusamehe. Mkapiga makofi, mkasema Mama Moureen ana moyo. Mimi nikamsamehe yeye. Nimelitafuna hilo neno mwaka mzima na halishuki.

Daktari alishaniambia hata choo kizuri kabisa wakati mwingine hushindwa, na Moureen alikuwa amechoka. Pengine angekufa tu. Pengine ningesema ukweli siku ile, angekufa tukingoja mtu mwingine. Haya yote nimejiambia. Hayajanisaidia, kwa sababu ile tiki niliitia mimi, na mtu mwingine akaibeba.

Sasa kuna mama wa Sigowet, ana watoto wanne, amelala kwa kitanda kile kile cha Moureen na anahara vile vile. Daktari amemwomba Weldon apimwe tena, amekataa mara tatu. Anasema hataki kuua mtu wa pili. Daktari akafikiria nikisimama hapa, nirudie kwamba nilimsamehe, atalegea, na nyinyi mtamfuata. Daktari, pole. Najua hukuniita kwa haya, na ukitaka kuita polisi simu unayo.

Nyinyi wengine, kutoa choo hakuumi. Huwezi kurogwa nacho, unatoa kila siku na hujawahi kukiaga. Kinachotakiwa ni mtu mzima aseme ukweli, na anayemsomea asome yote. Na kama ng'ombe wako amedungwa, sema, hata kama inaonekana ni upuzi.

Weldon, usitoke. Umeshika mlango, najua, lakini ngoja kidogo. Fomu ni hii, ni ile ile. Swali la kumi na moja linasema hivi: "Katika miezi mitatu iliyopita, umekunywa maziwa ya ng'ombe aliyekuwa anatibiwa kwa dawa?" Nimekusomea sasa. Jibu lake ni ndiyo. Aliyekuletea yale maziwa ni mimi, na aliyeandika hapana ni mimi. Ulikuja kwangu ukiwa mzima, na hukusema uongo hata mmoja.

Fomu ziko hapo mezani kwa daktari, anayetaka apange laini. Mimi mniachie njia nipite. Nataka nifike kwa Sally kabla yenu, nimwambie kibuyu chake kilikuwa safi.