Baiskeli ya Saizi Yake

Mpaka anatimiza miaka arobaini na tatu, Upindo hakuwa amewahi kununuliwa kitu kilichomtosha. Msicheke. Alizaliwa katika nyumba ambayo kila kitu kilinunuliwa kwa ajili ya mtoto wa mwaka ujao, siyo huyu aliyesimama dukani. Mama yake alikuwa akimvisha kiatu, anabonyeza ncha yake kwa dole gumba, na akikuta pamebaki nafasi ya panya kulala, anatabasamu na kumwambia mwenye duka, "Funga hivi." Upindo akinung'unika, jibu lilikuwa lilelile: "Utakua tu." Basi anakwenda shule karatasi imesokotwa kwenye ncha za viatu, sketi imekunjwa kiunoni, na viatu vyenyewe vinachakaa wiki ileile vinapoanza kumkaa.

Alipokuwa mkubwa akawa fundi cherehani wa sare za shule, na hilo jina la Upindo wateja ndio waliompa. Hakuna fundi aliyeacha upindo mnene kama wake. Mzazi akileta mtoto wa darasa la kwanza, anaondoka na gauni ambalo likifumuliwa chini litamfikisha darasa la nne. Ukimuuliza atakuambia watoto wanakua, basi.

Lakini kikubwa kuliko vyote utotoni mwake kilikuwa baiskeli ya marehemu baba yake. Baba alikuwa msoma mita za maji, na ofisi ilimpa baiskeli nyeusi, ndefu, nzito, yenye keria nyuma na kengele iliyosikika mtaa wa pili. Nje ya mlango wao palikuwa na jiwe bapa. Jioni baba alikuwa akija taratibu, anaweka mguu juu ya jiwe lile, anapiga kengele mara moja, ndipo anashuka. Hata siku ya mvua hakushukia penginepo. Upindo alikuwa akimtazama na kumwona mfalme kabisa.

Baba akiingia kuoga, baiskeli inaibwa. Kiti Upindo hakukifikia, kwa hiyo aliendesha kama walivyoendesha watoto wote wa mtaa ule: mguu mmoja umepenyezwa chini ya bomba la juu, kwapa limekumbatia kiti, na makalio yananing'inia pembeni kama mzigo uliofungwa vibaya. Alianguka mpaka magoti yakawa na ramani. Baba hakumkaripia. "Mwakani utakaa kwenye kiti," alimwambia, na yeye akaamini. Mwaka ambao hatimaye ncha za vidole vyake ziligusa pedeli akiwa juu ya kiti, baba akastaafu. Baiskeli ilikuwa ya ofisi, ikarudi ofisini. Upindo alisimama mlangoni akaiangalia ikisukumwa mpaka ikakata kona.

Sasa huyo ndiye aliyejitosa kwenye triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo, bila hata kukaa chini kunywa chai. Kisa kilikuwa mgongo. Daktari alimwambia kuinamia cherehani miaka yote ile kumemharibu, aende akaogelee. Akaenda akiona haya, akajifunza, akanogewa. Mwalimu wake wa kuogelea akamwambia, "Dada, maji umeyaweza na asubuhi unakimbia. Umebakiza baiskeli tu." Neno baiskeli lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mashindano yalikuwa mwezi uliofuata. Akiba yake ya msimu mzima wa sare ilitosha kununua baiskeli moja tu, tena iliyokwisha kutumika, na akikosea kuchagua angebaki kando ya barabara akiwapigia wenzake makofi.

Jumamosi akaenda kwa muuzaji mmoja mwembamba, ambaye watu walimwita Spoki. Mama yake alimsindikiza kwa nguvu, maana hakuwahi kumwamini mfanyabiashara yeyote tangu azaliwe. Zamani mama huyo alikuwa akisimama mlangoni, mlango unajaa. Siku hizi alikuwa amepungua mpaka gauni zake zote Upindo alikuwa amezibana ubavuni, akazibana tena. Alikalishwa kwenye stuli, mkoba magotini, macho kodo.

Spoki alimpima Upindo miguu na mikono kwa futi ya kamba, akaingia ndani, akarudi akisukuma baiskeli ndogo, nyepesi, yenye usukani uliopinda chini na rangi ya waridi kama dawa ya tumbo.

"Hii hapa," alisema. "Siyo nzuri machoni, hilo najua. Lakini fremu nzima, gia zinaingia bila kelele. Magurudumu ya bei mbaya achana nayo kwa sasa, dada. Weka pesa yako kwenye fremu inayokutosha na tairi mpya, basi."

Upindo hakumsikia. Macho yake yalikuwa yamekwama ukutani, kwenye baiskeli ya mbio nyeusi, ya chuma, ndefu. Haikuwa na keria wala kengele, lakini weusi ulikuwa uleule na bomba la juu lilikuwa limekaa juu vilevile.

"Na ile?"

"Ile ya mtu mrefu."

"Bei?"

"Bei ni ileile ya hii. Lakini nimekuambia, ya mtu mrefu."

"Niteremshie."

Spoki akaiteremsha shingo upande. Upindo akapanda kwa kurukia, akazunguka ua wa duka, na wallahi alikuwa na umri wa miaka tisa. Alisikia gurudumu la nyuma likilia tiki-tiki, akauona ukuta ukipita chini ya macho yake, na moyo ukamjaa mpaka akacheka peke yake. Hatimaye alikuwa amekaa kwenye kiti. Shida ilikuja kwenye kusimama. Alitafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, hakuiona. Akaitafuta kwa wa kulia, akapepesuka, na kama siyo Spoki kumdaka kwapani, angelala chali kwenye rundo la tairi. Mama akapiga yowe.

"Nitaizoea," Upindo alisema, akihema.

"Mgongo wako je? Umesema unakusumbua. Juu ya hiyo utajinyoosha mpaka ukishuka ukimbie, huwezi hata kusimama wima. Jaribu hii nyingine, kunifurahisha tu."

Akajaribu ile ya rangi ya dawa. Mikono ikatua yenyewe. Magoti yakapanda na kushuka kama yametiwa mafuta. Mgongo ukanyamaza kimya, na alipofunga breki nyayo zote mbili zikakaa chini. Upindo akakunja uso.

"Mbona hainisumbui?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayehisi anaibiwa.

"Ndivyo inavyokuwa ikikutosha."

"Naona kama ya mtoto. Hapana, nachukua nyeusi. Isitoshe kijana wangu mrefu, mume wangu mrefu, nyumba nzima tutaipanda."

"Nao wanashindana?"

"Hawashindani, lakini itakuwepo nyumbani."

Spoki akainua mikono, amesalimu amri. Upindo akaipanda tena ile nyeusi, akajishikiza kwa ncha za vidole vya mguu mmoja huku ameegemea ukuta, akamgeukia mama yake akitafuta wa kumuunga mkono. Nani mwingine angemuunga mkono kwenye jambo hili kama siyo yeye?

"Si kubwa ndiyo nzuri, Mama?"

Mama aliweka mkoba chini, akainuka polepole, akaja. Akainama huku ameshika usukani, akapitisha mkono chini ya kisigino cha bintiye kilichokuwa kikielea hewani. Kiganja kizima kikapita. Akabonyeza hewa ile kwa dole gumba, kama alivyokuwa akibonyeza ncha za viatu.

"Hapa pamebaki," alisema.

"Si ndiyo ulivyokuwa ukitaka?"

"Nilikuwa nataka, ndiyo. Sasa utakua lini tena, mwanangu?"

Spoki akageuka kukohoa. Upindo naye akataka kucheka, lakini uso wa mama haukuwa na mzaha.

"Ulishamaliza kukua," mama alisema. "Nilikuwa nimeshughulika na kununua vikubwa mpaka siku uliyomaliza ikanipita. Shuka hapo, utaumia."

"Baba aliniahidi nitakaa kwenye kiti."

"Baba yako!" Mama akatikisa kichwa, akatabasamu. "Baba yako mwenyewe ile baiskeli ilimzidi. Ofisi ilitoa saizi moja kwa wote, uwe mrefu, uwe mfupi. Unadhani lile jiwe mlangoni lilikuwa la nini? Alilileta mwenyewe kutoka bondeni, nami nikamsaidia kulisukuma. Bila jiwe alikuwa hafiki chini."

Upindo akaona jioni zile zote upya: mfalme wake akija taratibu, jicho lake likipima jiwe, mguu ukinyooka kulitafuta, kengele ikilia kwa sababu ameshafika salama. Mtu mfupi aliyechoka, juu ya baiskeli ya ofisi, mitaa yote ile ya mita za maji, na barabarani kote hakuna jiwe. Hakuwahi kulalamika hata siku moja. Upindo alimpenda pale uani kuliko alivyowahi kumpenda, na machozi yakamtoka mbele ya muuza baiskeli bila haya.

Akashuka. Alishuka vibaya, kwa kuanguka upande.

"Nipe hiyo ya dawa ya tumbo," alimwambia Spoki, akijifuta kwa kanga. "Na tairi mpya."

Walipotoka, mama alikataa kutafutiwa usafiri. Wakaenda kwa miguu, Upindo akisukuma baiskeli kwa mwendo wa mama, ambao siku hizi ulikuwa mdogo sana. Kwenye kivuli cha ukuta mama akasimama kupumzika, akajikuna ubavuni.

"Halafu na wewe," alisema, "hicho kitambaa ulichokunja ndani ya gauni langu kinaniwasha. Kikate."

"Nimekiacha makusudi, Mama. Ukirudisha mwili, nakifumua tu."

"Sirudishi mwili, mwanangu. Unajua."

Upindo akaangalia tairi mpya. Akaangalia ubavu wa gauni, pale mshono wake ulipokuwa umevimba kwa kitambaa kilichofichwa, mnene kuliko upindo wowote aliomwachia mtoto wa darasa la kwanza.

"Utanenepa tu," alisema, na akaanza tena kusukuma, taratibu.