Mwisho Hausemwi

Filamu ya kutisha ambayo hainifanyi nichungulie uvunguni mwa kitanda kabla ya kulala, mimi naihesabu kuwa ni wizi. Wanaopenda filamu za mapenzi wana subira zao, mimi sina. Nataka mlango ujifungue wenyewe, nataka mtu aite asiitikiwe, na nataka niape kabisa kwamba huyu ndiye muuaji, halafu nikosee. Kwa ukali huo wenzangu kazini waliniita Jaji, na jina likanikaa.

Kazi yetu ni kufua mashuka ya hoteli. Yanaingia machafu kwa mlango wa nyuma, yanatoka meupe kwa mlango huohuo. Mama Pasi, mkubwa wetu kwa umri na kwa kelele, anakaa kwenye mashine ya kupiga pasi. Dereva anaendesha gari la kuyasambaza. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunakunja. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja: kila mmoja anashika pembe mbili, mnalivuta mpaka linyooke, kisha mnatembea kuelekeana mpaka vidole vyenu vigusane. Kwa siku moja unauona uso wa mwenzako mara nyingi kuliko unavyouona wako kwenye kioo.

Saa ya chai tulikaa juu ya vikapu, kila mtu akatoa filamu aliyoiangalia pamoja na hukumu yake. Dereva alipenda za majini, akijigamba kwamba haogopi kitu, ingawa mkewe alishatuambia kuwa huziangalia kupitia shingo ya fulana. Mama Pasi alitaka za wapelelezi, na kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kushindwa kumjua muuaji. Sheria yetu ilikuwa moja tu: mwisho hausemwi. Siku moja Dereva alimwaga mtama kwenye kuku wengi, akamtaja muuaji kabla Mama Pasi hajaiona filamu, na Mama Pasi alimnunia mpaka tukachoka kuwapatanisha. Tangu hapo, ukikaribia mwisho unanyamaza na kunywa chai yako.

Mwenzangu wa kukunja tulimwita Mgeni, kwa kuwa ndiye aliyeajiriwa mwisho. Mumewe alikuwa akimleta asubuhi mpaka getini na kumfuata jioni, amemshikia mkoba. Mwanamume mpole, shati limenyooka, salamu kwa kila mtu. Mama Pasi akimwona lazima agune. "Wanaume kama hao wameisha, jamani. Wangu mimi mkoba wangu hata rangi yake haijui." Kwenye kikao cha chai zamu ya Mgeni ikifika, alitikisa kichwa tu. Hajaangalia filamu.

Basi Jumatatu moja akasema, "Mimi leo ninayo."

Tukamgeukia wote.

"Kuna mwanamke," alianza, macho yakiwa kwenye kikombe. "Anaamka asubuhi anakuta kandambili zake zimegeuzwa. Alizivua zinatazama kitanda, sasa zinatazama mlango. Anamuuliza mumewe. Mume anamwambia, kwa upole kabisa, 'Ulitembea tena usiku, mke wangu. Hukumbuki?'"

"Jini," akasema Dereva. "Hapo hakuna mjadala."

"Wewe hata ukipasukiwa tairi ni jini," Mama Pasi akamkata. "Nyamaza tusikie."

Alitusimulia kidogo kidogo, kila siku kipande chake. Chumvi inahama kutoka kabati hili kwenda lile. Picha ya mama yake yule mwanamke inatoweka ukutani, na mume anaapa kwamba hapo hapajawahi kuwa na picha. Mume anawapigia simu kaka za mkewe, anawaambia kwa sauti ya huzuni kwamba akili za dada yao zimeanza kuruka, akiwaomba wasimsikilize sana, watamzidishia ugonjwa. Hakuna damu, hakuna kelele, hakuna mtu anayekimbia msituni. Filamu ile ilinikaa mwilini. Jioni nilijikuta nimesimama mlangoni kwangu natazama kandambili zangu zimeelekea wapi, binti yangu ananicheka. Tuliitafuta kwenye simu yake, tukaandika kandambili, tukaandika mume mpole, wapi! Nilipomuuliza Mgeni inaitwaje, alijibu kwamba aliikuta imeshaanza.

Hukumu yangu niliitoa bila kupepesa macho. "Filamu nzuri, ila huyo mwanamke mjinga. Mlango si upo? Mimi ningekuwa nimeshaondoka kabla maji ya chai hayajachemka."

Mgeni akacheka kidogo. "Angeenda wapi?"

"Popote! Hana ndugu?"

"Ndugu wameshaambiwa ana wazimu."

"Rafiki je? Hata mmoja?"

Alifikiri kwanza. "Rafiki hawakumwonyesha," akasema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Pasi akatangaza. "Mumewe ndiye anayezigeuza. Mtaniambia."

Mgeni akanywa chai yake, nasi tukadhani labda mwisho umekaribia.

Wiki ile ya mwisho wa mwezi meneja akatuambia kwamba Mgeni anaacha kazi. Mumewe alikuja ofisini, akaeleza kwa masikitiko kuwa mkewe ni mgonjwa na anahitaji kupumzika nyumbani. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Mama Pasi alisema maskini, kumbe mtoto wa watu anaumwa na hasemi. Mgeni mwenyewe alikuwa palepale, anakunja taulo, kama anayesemwa ni mtu mwingine.

Alhamisi tukiwa wawili mezani, mashine inaunguruma, aliendelea na filamu yake bila kuulizwa.

"Mume kanunua kufuli jipya," akasema, akishika pembe zake. "La kufungia kwa nje. Kamwambia, 'Kuanzia Jumamosi utapumzika, mimi nitakutunza.'"

Tukalivuta shuka. Tukaanza kutembea kuelekeana.

"Usiku huo akasikia hatua. Akajifanya amelala. Mume akaja akakaa pembeni ya kitanda, akainama mpaka sikioni, akasema, 'Najua uko macho.' Nikabana pumzi."

Vidole vyetu viligusana. Shuka lilikuwa limetoka kwenye pasi sasa hivi, linaunguza, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Nikabana. Silabi moja tu, ni badala ya a, na mashine ingeunguruma kidogo zaidi nisingeisikia. Lakini niliisikia, na yeye aliona kwamba nimeisikia.

"Akabana," akasema haraka. "Akabana pumzi."

Niliogopa, mimi niliyedhani kuogopa ni starehe ya jioni. Na nilikuwa na hasira: na yule mwanamume wa shati lililonyooka, na mdomo wangu uliomwita mjinga usoni pake huku natafuna andazi.

"Halafu ikawaje?" nikauliza.

"Mwisho hausemwi," akasema. "Si ndiyo sheria?"

Nilitaka kumshika mabega nimuulize waziwazi. Lakini mtu aliyeambiwa kila siku kwamba ana wazimu, ukimvuta kwa nguvu atakuambia ilikuwa filamu tu, na hapo atakuwa amejifungia mlango mwenyewe. Ikabidi nipite alipopita yeye.

Saa ya chai nikagonga kikombe. "Nabadilisha hukumu."

"Makubwa!" Dereva akacheka. "Jaji anajikatia rufaa."

"Filamu ya Mgeni nimeipata, nimeiangalia yote. Yule mwanamke si mjinga hata kidogo. Ni nyinyi hamkuona vizuri. Kazini kwake yuko mwenzake, mdomo mrefu, adabu hana, anakaa na binti yake kwenye vyumba viwili nyuma ya shule ya msingi. Kitanda cha tatu kipo. Na kazini kuna mlango wa nyuma, mume hasimami huko. Ijumaa jioni gari la mashuka linapotoka, katikati ya vikapu mtu anaenea."

Mama Pasi, aliyekuwa anapuliza chai yake, aliacha kupuliza. Akanitazama mimi, akamtazama Mgeni, kisha akatazama upande wa geti.

"Aa, Jaji!" Dereva akalalamika. "Unamwaga mwisho, na sheria uliipitisha wewe!"

"Wewe kesho utapitia nyuma ya shule," Mama Pasi akamwambia, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mimi? Kwani mimi nimo kwenye filamu?"

"Umo."

Mgeni alimaliza chai, akaosha kikombe, akakifunika.

Ijumaa tulikunja kutwa nzima na hakunipa hata kipande kimoja. Sikujua angechagua mlango upi. Jioni mumewe alifika mapema, nami nikatoka kumfuata getini, angalau awe na mtu wa kumtazama.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, shemeji."

"Mke wangu anawasifu sana." Alitabasamu. "Ila huwa anabuni mambo, maskini. Sijui amewaambia nini?"

"Filamu tu. Anajua kusimulia filamu."

Tabasamu lilibaki palepale, lakini macho yake yalipoa. "Filamu," akasema taratibu. "Sisi nyumbani hatuna televisheni."

Kwenye filamu zangu hapo ndipo radi hupiga. Pale alipita mtu na baiskeli, akatusalimu. Mkono wa yule bwana ulikuwa umeshatangulia mbele, mtupu, tayari kupokea mkoba. Nyuma ya jengo nikasikia gari likiwashwa, na gia zikakwaruza kama kawaida ya Dereva. Yule bwana hakugeuza hata shingo.

"Leo amechelewa," akasema.

"Anamalizia shuka la mwisho. Halikunjwi na mtu mmoja. Ngoja nikamsaidie."

Ndani nilikuta aproni yake mezani, imekunjwa pembe kwa pembe. Mama Pasi alikuwa amekaa kwenye kikapu, mashine imezimwa, anajifuta macho kwa foronya safi, jambo ambalo sisi tukilifanya anatutoa roho.

Nilirudi getini nikamwambia hayupo, ameshaondoka. Nilijiandaa kupigiwa kelele. Hakupiga. Alinishukuru.

"Atarudi tu, dada," akasema. "Hana pa kwenda." Akaondoka zake polepole, mkono ule bado umekunjwa kana kwamba umebeba mkoba.

Njia ya nyumbani niliizungusha, na kila kona niligeuka kutazama nyuma. Mlangoni kwangu nilikuta kandambili nisizozijua, zimeelekea ndani. Nikaziokota, nikaingia nazo, nikafunga komeo. Mpaka leo kwangu hakuna kiatu kinacholala nje, na kila nikiamka kwanza natazama sakafuni.

Mgeni alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kikombe mkononi. Binti yangu, ambaye umbea kaurithi kwangu, hakungoja hata nivue viatu.

"Shangazi, mama anasema unajua filamu moja ya kutisha kuliko zote. Tumeitafuta tumeikosa. Ikoje?"

Nilimkonyeza anyamaze, hakuniona. Mgeni aliweka kikombe chini. Alilitazama komeo la mlango, akahakikisha liko upande wa ndani.

"Niliamka asubuhi," akasema, "nikakuta kandambili zangu zimegeuzwa."

Akaisimulia yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakukosea hata silabi moja.