Uzi wa Kumpimia Mama Mkwe

Luseno alikuwa amegeuza magari ya kila namna katika kiwanja chake cha kazi kando ya mtaa wa Tena, Nairobi. Aligeuza pikapu zikawa za kubebea mkate, na kuna gari moja la kubebea maiti ambalo mwenye gari alilifanya la kuuzia sukuma wiki bila kumdokezea mteja hata mmoja. Lakini gari lililomkosesha usingizi mwaka ule wa 1996 lilikuwa dogo kuliko yote, na mwenye gari alikuwa mama mzazi wa mkewe Luseno.

Lilikuwa MG ya mwaka 1967, gari la michezo la Kiingereza, kijani kibichi, paa la turubai, viti viwili basi. Mzee Wanyonyi, karani wa reli, alilinunua kwa mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa akifunganya kurudi kwao, akalipenda kuliko nusu ya ukoo wake. Kila Jumapili alilipiga maji, akalitia nta, akaliendesha kwenda kanisani. Mkewe Phelister alifuata kwa miguu na watoto, kwa kuwa kile kiti cha pili kilikuwa cha Biblia na koti. Mtaa mzima wa Umoja ulikuwa ukiona, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee kama koti lilikuwa linaumwa miguu.

Mzee alipofariki, wanawe wa kiume walikaa wakaamua gari liuzwe. Phelister alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, goti moja bovu, na kibanda cha nguo za watoto katika soko la Gikomba.

"Haliuzwi," akawaambia. "Nitaliendesha mimi."

Walicheka. Yeye akaenda shule ya udereva, akaanguka mtihani mara mbili, mara ya tatu akapita. Aliporudi na leseni na kuketi kwenye lile gari, miguu yake ilining'inia hewani, maana mzee alikuwa jitu la mtu na kiti alikwishakipigilia boliti nyuma kabisa. Basi akamtuma binti yake Nekesa kwa mumewe Luseno, aliyemwita kwa jina la mtoto wake: baba Andati alirekebishe gari limtoshe.

Shida ilianzia hapo. Kwao Luseno, na kwao Nekesa vilevile, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawaketi benchi moja, hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja anavuka upande wa pili. Wala si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Miaka tisa ya ndoa, Luseno hakuwahi kumtazama Mama Phelister usoni kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, na alijivunia jambo hilo. Sasa utamtengenezea mtu gari bila kuujua mwili wake? Mteja mwingine yeyote angemkalisha kitini, akainama miguuni pake na futi, akapima paja, akapima goti hadi wayo. Kumfanyia hivyo mama mkwe! Hata kuliwaza tu kulimtoa jasho.

"Nenda wewe," alimwambia Nekesa, akampa uzi wa kushonea magunia. "Pima nyonga hadi goti, ufunge fundo. Goti hadi chini, fundo lingine."

Nekesa akaenda, akarudi na uzi wenye mafundo. Kutoka goti hadi chini ilikuwa inchi kumi na nane. Luseno akautundika msumarini na kufanya kazi kwa uzi ule wiki mbili nzima, akiugusa kwa ncha za vidole. Alisogeza kiti mbele, akakiinua kwa sponji ya godoro. Alinunua vipande vya mvule kwa maseremala wa Gikomba, akavichonga na kuvifunga kwa boliti juu ya pedali zote tatu ili zimfikie mwenye miguu mifupi.

Otiende, fundi wa rangi waliyepakana naye, alikuja kuchungulia.

"Niaje, Luseno? Hii ni sports car ama ni kiti ya kinyozi?"

"Ni ya mama mkwe."

"Ala! Basi kaza hizo nati mara mbili, buda. Hii ikikataa, utalala wapi?"

Luseno hakucheka. Ndilo lililokuwa likimkaba: kwamba mama wa watu aingie barabarani juu ya kazi ya mikono yake, na ile kazi imwue. Alikaza nati mara tatu.

Jumamosi asubuhi walilipeleka gari kwenye uwanja wa mpira ulioko upande wa mtaa wa Fedha, mtupu saa hizo, matope kidogo pembeni. Luseno alisimama kwenye goli. Mama Phelister akaingia garini. Nekesa akawa katikati, maana maneno yalipaswa kupita kwake.

"Mwambie mama akanyage klachi, atie gia ya kwanza."

Nekesa alikwenda mbio. "Mama, anasema ukanyage klachi, utie gia ya kwanza."

"Mwambie nimesikia."

Alirudi mbio. "Anasema amesikia."

Na walikuwa wamesikiana wote, tangu mwanzo, kila neno. Mtu mwingine angewacheka. Wao waliona sawa kabisa.

Gari likaondoka kwa kushtuka, kisha likatulia, na Mama Phelister akauzunguka uwanja huku kitambaa chake cha kichwa kikipepea. Alikuwa anacheka kwa sauti, peke yake, kwenye gari la mumewe. Luseno alitabasamu. Akainamisha macho haraka, asije akaonekana anamkodolea mama mkwe.

Alipoyainua tena aliona kitu. Kila mama alipofunga breki, kichwa chake kilishuka. Alikuwa anateleza kitini kuitafuta pedali kwa ncha ya mguu.

"Nekesa, ile siku ya kumpima, mama alivaa nini miguuni?"

"Viatu vya kanisa."

"Vya kisigino?"

"Ndiyo. Alisema uzi unaenda kushikwa na mkwe, hawezi kupimwa miguu mitupu kama mtu hana adabu."

Luseno aliganda. Leo mama alikuwa amevaa raba za mtumba kwa sababu ya matope. Inchi mbili nzima hazikuwapo. Pedali ya breki haikuwa inafika mwisho, na gari lilikuwa limekata kona, linakuja upande wao, likiongeza kasi.

Lilimpita hatua nne tu. Turubai lilikuwa limekunjwa, sikio la mama lilikuwa pale pale. Angesema tu: mama, vuta breki ya mkono. Maneno yalimjia yote mdomoni, na akageuza uso, akapiga kelele kwa mwingine:

"Nekesa! Mwambie mama avute breki ya mkono!"

Na Nekesa, mke mwema, akatoka mbio kwenda kusema. Alikata uwanja ili alikute gari mbele, mkono juu, akiita. Mama alimwona mtoto wake mbele ya boneti, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Sponji ikateleza, wayo ukachomoka kwenye mvule na kuangukia pedali ya mafuta.

Luseno hakujua alifikaje. Alijikuta amelala juu ya mlango, mkono wake umepita juu ya mapaja ya mama mkwe, ameishika breki ya mkono, na gari limezima. Nekesa alikuwa chini, analia, na mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Otiende aliwapeleka hospitalini kwa pikapu. Daktari akasema mfupa umevunjika sehemu mbili, atatembea, ila si mwaka huu. Wakamchukua ndani kumfunga plasta. Korido ilijaa watu, na kwenye benchi palibaki nafasi moja, kando ya Mama Phelister. Luseno alisimama ukutani, upande wa pili, akitazama sakafu.

"Luseno."

Mama mkwe hakuwahi kumwita jina.

"Keti hapa."

Aliketi ukingoni, nusu ya tako.

"Ulikuwa karibu namna hii," Mama Phelister alisema. "Karibu hivi. Kwa nini hukuniambia?"

Luseno aligeuka kulia, akageuka kushoto. Hapakuwa na mtu wa kumtuma.

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Na mimi nilikuheshimu. Nilivaa viatu vya kanisa kwa ajili ya uzi." Sauti ikamkatika. "Tumemheshimu mtoto wangu mpaka tumemvunja."

Alilia bila kujificha, na Luseno naye akalia, mtu mzima mwenye grisi kwenye kucha, mbele ya wagonjwa wa watu.  Halafu mama akajipangusa kwa ncha ya leso, akainama, akavua raba ya mguu wa kulia, akavua soksi. Aliunyoosha mguu mbele yake, mguu mnene wenye sugu, umevimba kifundoni.

"Pima."

"Mama, hapa kuna watu."

"Wakitazama wachoke. Kila mwezi Nekesa ataletwa hapa, na wewe utakuwa kazini unatafutia watoto. Nani atamleta kama si mimi na lile gari? Pima, na ni kwa mkono wako."

Luseno alipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali.  Aliushika wayo ule, ulikuwa baridi, akapanda kwa shubiri moja, inchi nane za kiganja chake, akaongeza ya pili hadi kwenye goti bovu. Watu kwenye benchi waligeuka kuwatazama. Akapima tena kuanzia juu, kuhakikisha. Kisha akainua uso, akamtazama machoni.

"Ni inchi kumi na sita, mama," akamwambia.